Elimu ya chuo: Mzazi ajipange vipi kabla barua ya udahili haijafika?

Kila mwaka nchini Uganda, Baraza la Mitihani la Taifa (UNEB) linapotangaza matokeo ya kidato cha sita, furaha na hofu huingia katika nyumba nyingi kwa mlango mmoja. Kijana amefaulu, jirani wamekuja kutoa pongezi, na barua ya udahili inasubiriwa. Lakini matokeo hayo kwa kawaida hutoka mwezi Februari au Machi, na vyuo vikuu vingi hufungua mwaka wa masomo mwezi Agosti. Mzazi ambaye hakujiandaa hubaki na miezi mitano hivi ya kutafuta fedha ambazo angeweza kuzikusanya kidogo kidogo kwa miaka kumi na minane.

Huo ndio wakati kiwanja kinapouzwa kwa bei ya kutupa, kwa kuwa mnunuzi anajua muuzaji hana muda wa kungoja. Huo ndio wakati ng'ombe wa maziwa anapopelekwa mnadani na familia inapoingia katika mikopo inayotozwa riba kila mwezi. Na pale fedha zinapotosha kumpeleka mtoto mmoja tu, mara nyingi binti ndiye anayeambiwa asubiri mwaka ujao, na mwaka huo aghalabu haufiki.

Makala haya yanaeleza namna mzazi mwenye kipato cha kawaida, awe mwajiriwa, mfanyabiashara wa sokoni, mkulima au dereva wa bodaboda, anavyoweza kuipangia elimu ya juu ya mwanawe mapema, njia zilizopo za kuweka akiba, na mitego iliyomo katika kila njia.

Serikali huwalipia wangapi?

Wazazi wengi wamezoea kusikia kwamba elimu ni bure. Mpango wa elimu ya msingi kwa wote ulianza mwaka 1997, na ule wa sekondari ukafuata mwaka 2007. Mipango hiyo imepunguza mzigo wa ada katika shule za serikali, ingawa sare, chakula na michango mingine bado vinamhusu mzazi. Chuo kikuu, hata hivyo, ni jambo jingine kabisa.

Kwa utaratibu uliopo, serikali hudhamini wanafunzi wapatao 4,000 kila mwaka katika vyuo vikuu vya umma. Nafasi nyingi kati ya hizo, zipatazo 3,000, hutolewa kwa ushindani wa alama kitaifa, na kozi za sayansi ndizo zinazopewa kipaumbele. Nyingine hugawanywa kwa mgao wa wilaya, na chache hutengwa kwa ajili ya wanafunzi wenye ulemavu na wanamichezo wenye vipaji. Wanaofaulu mtihani wa kidato cha sita ni makumi ya maelfu. Kwa hiyo wengi wa wanaoingia chuoni huingia kwa fedha za wazazi, za jamaa au za mikopo.

Jambo la kuzingatia ni kwamba ushindani wa alama huwapendelea waliosoma katika shule zenye maabara, vitabu na walimu wa kutosha. Mtoto mwenye bidii katika shule ya kijijini anaweza kufaulu vizuri na bado akakosa nafasi ya udhamini kwa alama moja au mbili. Mzazi ana haki ya kutumaini udhamini huo, lakini haifai kuufanya kuwa mpango wake wa pekee.

Ada ya masomo ni sehemu tu ya gharama

Kosa la kwanza la upangaji ni kuuliza ada ya masomo peke yake. Ada hiyo ndiyo inayoandikwa kwa herufi kubwa, lakini nyuma yake kuna msururu wa malipo mengine: usajili, maktaba, mitihani, kitambulisho, chumba, chakula, nauli, kompyuta, na gharama za mafunzo kwa vitendo na za utafiti wa mwaka wa mwisho.

Tuchukue mfano wa kozi ya miaka 3 inayosomwa na kijana anayekaa mbali na nyumbani. Tarakimu zifuatazo ni za kufanyia hesabu tu, wala si bei za chuo chochote. Tuseme ada ya masomo ni shilingi 1,400,000 kwa muhula, yaani 2,800,000 kwa mwaka wa mihula miwili. Malipo mengine ya chuo ni 700,000 kwa mwaka. Hosteli ni 900,000 kwa muhula, yaani 1,800,000. Chakula na nauli ni 300,000 kwa mwezi kwa miezi minane, yaani 2,400,000. Vitabu, uchapaji na vifaa ni 500,000. Jumla kwa mwaka ni shilingi 8,200,000, na kwa miaka 3 ni shilingi 24,600,000.

Katika mfano huu, ada ya masomo ni kama theluthi moja tu ya gharama yote. Fedha zinazobaki huenda kwenye kuishi. Ndiyo maana kijana mwenye chuo karibu na nyumbani, au mwenye shangazi au mjomba anayeweza kumpa chumba mjini, huwa ameipunguzia familia yake mzigo mkubwa kuliko aliyepata punguzo dogo la ada. Mazungumzo na ndugu kuhusu malazi ni sehemu ya mpango wa fedha, na yanafaa kufanyika mapema kwa adabu, si kwa simu ya ghafla mwezi Agosti.

Urefu wa kozi nao ni gharama. Shahada nyingi za sayansi ya jamii na biashara huchukua miaka 3, uhandisi miaka 4, na udaktari miaka 5. Mzazi anayesema "mwanangu atakuwa daktari" anapaswa kujua kwamba amejiwekea lengo la miaka 5 ya gharama. Kwa upande mwingine, stashahada na vyuo vya ufundi hudai muda mfupi zaidi, na mhitimu wa stashahada anaweza baadaye kuendelea na shahada akiwa tayari anajitegemea.

Gharama pia hazisimami mahali pamoja. Chuo Kikuu cha Makerere kilianza mwaka wa masomo 2018/19 kutekeleza sera ya kupandisha ada kwa asilimia 15 kwa wanafunzi wapya, nyongeza iliyokusudiwa kurudiwa mwaka hadi mwaka, na mwezi Oktoba 2019 wanafunzi waliandamana kuipinga. Ada ya leo si kipimo cha ada ya mwaka ambao mtoto wa darasa la pili atakapomaliza kidato cha sita.

Muda ni mtaji wa maskini

Mfumo wa elimu wa Uganda una miaka 7 ya msingi, 4 ya sekondari ya chini na 2 ya sekondari ya juu. Mtoto anayeanza darasa la kwanza akiwa na miaka 6 hufika mlango wa chuo akiwa na miaka 19. Anayeanza kuweka akiba mtoto akiwa na miaka 7 ana miaka 12 mbele yake. Anayengoja hadi mtoto afike sekondari ana nusu ya muda huo.

Turudi kwenye mfano wetu wa shilingi 24,600,000. Ikiwa gharama zitapanda kwa asilimia 5 kila mwaka, baada ya miaka 12 kozi ile ile itahitaji shilingi zipatazo 44,200,000. Mzazi anayeficha fedha nyumbani atalazimika kuweka karibu shilingi 307,000 kila mwezi kwa miaka yote 12. Akiziweka mahali zinapozaa faida ya asilimia 9 kwa mwaka baada ya kodi na ada, atahitaji takriban shilingi 172,000 kwa mwezi. Asilimia 9 ni dhana ya hesabu, si ahadi ya mtu yeyote.

Akichelewa miaka 6 na kuanza mtoto akiwa na miaka 13, hesabu inabadilika. Ili afikie lengo lile lile kwa faida ile ile, atahitaji takriban shilingi 465,000 kwa mwezi. Aliyeanza mapema atakuwa ametoa mfukoni mwake jumla ya shilingi milioni 25 hivi, na aliyechelewa milioni 33 na nusu, kwa lengo moja. Tofauti hiyo yote imetokana na muda ambao faida imepata kuzaa faida nyingine.

Kwa familia nyingi, hata shilingi 172,000 kwa mwezi ni kiasi kisichowezekana. Hilo lisiwe sababu ya kuacha. Mama anayeuza mboga akitenga shilingi 2,000 kwa siku, yaani 60,000 kwa mwezi, kwa miaka 12 na faida ile ile, atakuwa na takriban shilingi milioni 15 na nusu. Kwa makadirio yetu, hizo zinatosha kulipia mwaka wa kwanza wote, ambao utagharimu kama milioni 14.7. Mwaka wa kwanza ndio mgumu kuliko yote, kwa kuwa asiyelipa na kusajiliwa kwa wakati huweza kupoteza nafasi yake. Mtoto akishaingia, familia hupata muda wa kupumua, kuomba mkopo wa masomo, na kumsubiri mwanafunzi mwenyewe atafute kibarua wakati wa likizo.

Akiba iwekwe wapi?

Hakuna chombo kimoja kinachomfaa kila mtu. Kanuni ya kuongoza ni hii: fedha za karibuni ziwekwe mahali rahisi kuzitoa, na fedha za miaka mingi ijayo ziwekwe mahali pagumu kuzigusa.

Vikundi vya akiba. Kikundi cha kijiji au mtaa, chenye kisanduku chake cha kufuli tatu na funguo zilizogawiwa kwa watu watatu tofauti, ni shule nzuri ya nidhamu. Udhaifu wake kwa lengo la chuo ni kwamba vikundi vingi hugawana fedha zote kila mwisho wa mwaka, mara nyingi karibu na sikukuu. Fedha za chuo zikirudi mkononi mwezi Desemba, Januari huzikuta zimekwisha. Mzazi anaweza kukitumia kikundi kukusanya, kisha siku ile ile ya mgao akahamishia sehemu ya mtoto kwenye chombo cha muda mrefu.

Sacco. Vyama vya ushirika vya akiba na mikopo vimeenea nchini, na baadhi vimejengwa juu ya kazi moja, kama Wazalendo cha wanajeshi na Exodus cha polisi. Mwanachama huweka akiba kila mwezi na hupata haki ya kukopa kwa kiwango kinachotegemea akiba yake. Kabla ya kujiunga, inafaa kuuliza maswali yasiyo ya aibu: chama kina leseni? Hesabu zake zilikaguliwa lini? Mkutano mkuu hufanyika kila mwaka? Chama kinachokasirika kinapoulizwa maswali hayo kimekwisha kujibu.

Benki na simu. Akaunti ya akiba ya benki ni salama, lakini faida yake ni ndogo na wakati mwingine huzidiwa na mfumuko wa bei. Faida yake nyingine ni ulinzi: Mfuko wa Kulinda Amana wa Uganda hufidia mwenye amana hadi shilingi milioni 10 katika kila taasisi inayohusika endapo itafungwa. Ulinzi huo hauhusu fedha zilizoko kwenye Sacco au kwenye kikundi. Fedha za kwenye simu ni rahisi kuweka, lakini ni rahisi pia kutumia, na kila zinapotolewa hukatwa kodi ya asilimia 0.5 juu ya ada ya mtandao. Kutoa shilingi milioni 1 ni kuacha shilingi 5,000 za kodi peke yake.

Mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Hapa fedha za watu wengi hukusanywa na kampuni yenye leseni, nayo huziwekeza hasa kwenye amana za benki na dhamana za serikali, kisha faida hugawanywa kulingana na mchango wa kila mtu. Mwekezaji huweza kuongeza kidogo kidogo na kutoa ndani ya siku chache. Kwa mzazi asiye na muda wala ujuzi wa kununua dhamana mwenyewe, njia hii huwa ya katikati. Aulize ada ya usimamizi, na akumbuke kwamba faida ya mwaka uliopita haimfungi mtu kuitoa mwaka ujao.

Hatifungani za serikali. Benki Kuu ya Uganda huuza dhamana hizi kwa niaba ya serikali, na mwananchi anaweza kuanza kwa shilingi 100,000 kupitia benki yake. Zile za muda mfupi ni za siku 91, 182 na 364. Hatifungani ni za miaka 2 na kuendelea, na hulipa faida mara mbili kwa mwaka hadi zinapokomaa, ndipo mtaji unaporudishwa. Kodi ya zuio kwa kawaida ni asilimia 20 ya faida, lakini kwa hatifungani za miaka 10 au zaidi ni asilimia 10. Hivyo mzazi mwenye mtoto wa miaka 9 anaweza kununua hatifungani ya miaka 10 itakayokomaa mtoto akiwa na miaka 19, huku malipo ya kila nusu mwaka yakisaidia ada ya sekondari au yakiwekezwa upya. Tahadhari ni kwamba anayelazimika kuiuza kabla ya muda anaweza kupata pungufu ya alichoweka.

Hifadhi ya jamii. Wafanyakazi wa sekta binafsi huchangia asilimia 5 ya mshahara katika NSSF, na mwajiri huongeza asilimia 10. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2022, mwanachama aliyefikisha miaka 45 na aliyechangia kwa miaka 10 anaweza kutoa hadi asilimia 20 ya akiba yake. Mzazi aliyepata mtoto akiwa na miaka 26 atafikisha 45 mwaka ule ule mtoto atakapofikisha 19. Ni msaada unaokuja kwa wakati, lakini ni fedha za uzeeni. Kijana anaweza kukopeshwa ili asome, ilhali hakuna benki inayomkopesha mzee ili azeeke. Wasio na mwajiri nao wanaweza kuchangia NSSF kwa hiari.

Bima ya elimu. Mzazi hulipa kiasi maalumu kila mwezi kwa miaka kadhaa, na kampuni huahidi kulipa ada muda ukifika, hata kama mzazi atafariki kabla. Ahadi hiyo ya mwisho ndiyo thamani yake kubwa, kwa kuwa akiba nyingine zote husimama mwekaji anapokufa. Hasara yake ni kwamba anayeacha kulipa katika miaka ya mwanzo hurudishiwa kidogo sana au hapati kitu. Mkataba usomwe wote, hasa ukurasa unaoeleza kuvunja mkataba.

Kwa wasiotaka riba

Miongoni mwa wasikilizaji wa Kiswahili nchini wamo Waislamu wengi ambao hujiepusha na riba, na kwa sababu hiyo baadhi yao wamekaa mbali na benki na kuhifadhi akiba kwa njia ya mifugo, dhahabu au viwanja. Sheria ya taasisi za fedha ilirekebishwa mwaka 2016 ili kuruhusu huduma za benki zinazofuata misingi ya Kiislamu, na benki ya kwanza ya aina hiyo, Salaam Bank, ilipewa leseni mwaka 2023. Badala ya riba, mteja hushiriki faida na hasara kwa uwiano uliokubaliwa.

Anayechagua mifugo au kiwanja naye hajakosea, mradi apange siku ya kuuza. Kiwanja kilichonunuliwa kwa ajili ya chuo kiuzwe mwaka mmoja au miwili kabla ya haja, wakati muuzaji bado ana uwezo wa kukataa bei mbaya.

Mkopo wa serikali una mipaka yake

Sheria ya mwaka 2014 iliweka mpango wa serikali wa kuwakopesha wanafunzi wa elimu ya juu. Waombaji huwa wengi kuliko fedha zilizopo, na kozi za sayansi na teknolojia ndizo zinazopewa nafasi zaidi. Mkopo hulipa ada ya masomo, malipo ya lazima ya chuo na gharama za utafiti, na kwa wenye ulemavu huongeza vifaa vya kujimudu. Haulipi chumba wala chakula.

Katika mfano wetu, mkopo ungefidia shilingi milioni 3.5 hivi kati ya milioni 8.2 za mwaka. Zingebaki milioni 4.7 juu ya familia. Kijana anaweza kupata mkopo na bado akaacha masomo kwa sababu ya njaa na kodi ya chumba. Kwa hiyo akiba ya mzazi, hata ikiwa ndogo, ndiyo inayoufanya mkopo uwe na maana.

Mkopo huo pia ni deni. Urejeshaji huanza mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, na anayeubeba ni mwanafunzi. Mzazi na mtoto wauzungumze kabla ya kutia saini, ili kijana asije akashangaa mshahara wake wa kwanza ukikatwa.

Majirani wanafanyaje?

Tanzania ina kampuni ya umma ya uwekezaji, UTT AMIS, ambayo inaendesha Mfuko wa Watoto, ulioanzishwa mwaka 2008 na kubuniwa mahususi kwa wazazi na walezi wanaotaka kumwekezea mtoto aliye chini ya miaka 18. Somo lake kwetu ni kulipa jina lengo. Fedha zinazoitwa "za chuo cha Amina" huwa ngumu kuzigusa kwa ajili ya harusi ya jirani kuliko fedha zinazoitwa "akiba" tu. Tanzania hiyo hiyo inaonyesha uzito wa deni: tangu mwaka 2016, mnufaika wa mkopo wa elimu ya juu aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kutoka asilimia 8 ya awali.

Kenya, yenye bodi ya mikopo ya HELB iliyoundwa mwaka 1995, ilianzisha mwaka 2023 mfumo mpya ambao kila mwanafunzi hupangiwa sehemu ya ruzuku, sehemu ya mkopo na sehemu ya familia kulingana na hali ya nyumbani kwao. Mfumo huo ulilalamikiwa na wazazi waliosema wamewekwa katika kundi la wenye uwezo wakati hawana, na ukapingwa mahakamani. Funzo ni kwamba utaratibu wa serikali unaweza kubadilika mtoto akiwa shuleni, na mzazi hujikuta akianza upya.

Hatari zinazokula akiba

Ya kwanza ni utapeli. Anayeahidi kuzidisha fedha mara mbili kwa miezi michache anawalipa wa mwanzo kwa fedha za waliokuja baadaye, na siku watu wapya wakipungua mlango hufungwa. Faida kubwa isiyoelezeka inakotoka ni sababu ya kuondoka, hata kama mwaliko umeletwa na rafiki au kiongozi wa dini.

Ya pili ni kulipa vyote mapema. Baadhi ya wazazi humaliza uwezo wao kwenye shule za bweni za gharama kubwa za msingi, kisha mtoto hufika kidato cha sita akiwa na cheti kizuri na nyumba isiyo na kitu. Shule ya kiasi yenye walimu wazuri, pamoja na akiba ya chuo, huweza kumfikisha mbali zaidi.

Ya tatu ni chuo au kozi isiyotambuliwa. Kabla ya kulipa chochote, hakikisha kwamba kozi hiyo, si chuo pekee, imeidhinishwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu. Fedha zilizolipiwa shahada isiyokubalika na waajiri hazirudi.

Ya nne ni kifo na ukimya. Baba anayeweka akiba bila kumwambia mtu, akifariki, huacha fedha ambazo familia haijui ziliko. Mke au mume ajue, jina la mrithi liandikwe kwenye kila akaunti, na wosia ueleze kwamba fedha hizi ni za masomo ya nani.

Kalenda ya mzazi

Mtoto akiwa mchanga hadi miaka 6: fungua akaunti au uwekezaji kwa jina la lengo, na pata nakala ya cheti chake cha kuzaliwa, kwa maana kitahitajika katika kila ombi la baadaye.

Miaka 7 hadi 12: weka kiasi kisichobadilika kila mwezi au kila mavuno, na kiongeze kila kipato kinapopanda. Huu ndio wakati wa kufikiria hatifungani za miaka 10.

Miaka 13 hadi 16: anza kuzungumza na mtoto kuhusu vipaji vyake, kozi na gharama zake. Mtoto anayejua kiasi kilichopo huchagua kwa busara, na mara nyingi husoma kwa bidii zaidi.

Miaka 17 na 18: hamisha fedha hatua kwa hatua kutoka kwenye vyombo vya muda mrefu hadi mahali rahisi kuzitoa. Tafuta tarehe za kuomba udahili na mikopo, na andaa fedha za fomu na safari.

Mwaka wa matokeo: lipa usajili kwanza, kisha panga mihula iliyobaki. Usilipie chumba cha mwaka mzima kabla ya kukiona.

Mwenye watoto watano hana budi kukubali kwamba hawezi kumwekea kila mmoja gharama yote. Anaweza kuweka mfuko mmoja wa familia na kupanga kwamba anayehitimu atachangia anayefuata, na kwamba zamu itafuata utayari wa mtoto bila kuangalia kama ni wa kiume au wa kike. Makubaliano hayo yakifanyika mapema, mbele ya watoto wote, barua ya udahili ikifika haitagombanisha ndugu, na binti aliyefaulu hatahitaji kungoja mwaka ujao.